Maji na Chumvi Njiani: Safari ya Baiskeli kutoka Ngara hata Biharamulo

Twawaletea habari za safari yetu ya siku tatu, ambayo twaliisafiri kwa baiskeli kutoka mji wa Ngara hata mji wa Biharamulo, katika mkoa wa Kagera. Hatuandiki ili tujisifu kwa nguvu za miguu, maana nguvu hizo zilituishia mapema, kama mtakavyosikia. Twaandika kwa sababu katika safari hiyo nusura tumwue mwenzetu kwa wema wetu wenyewe, na wakati ule tulidhani tunamwokoa. Jambo tulilojifunza lawafaa wote waendeshao baiskeli masafa marefu, na zaidi lawafaa baba na mama walio na watoto wadogo nyumbani.

Twalikuwa watu wanne, waalimu sote: watatu tumepita miaka arobaini, na wa nne kijana aliyeanza kazi juzijuzi. Ilikuwa mwezi wa Juni, shule zimefungwa, na mvua zimekwisha. Twalitaka kwenda Biharamulo kumwamkia mwalimu wetu wa zamani, ambaye sasa ni mzee. Mabasi yapo, nayo hufika siku ile ile. Walakini tulipenda kuiona nchi polepole, kwa mwendo wa miguu yetu. Baiskeli zetu zilikuwa zile za chuma, nzito, zenye keria nyuma, ambazo huku kwetu hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya mkaa, na pengine mgonjwa.

Asiyeijua Ngara na ajue kwamba ni nchi ya vilima. Mtu akisimama Murgwanza na kutazama, huona kilima nyuma ya kilima, na katika mabonde migomba, mibuni, na mashamba ya maharage. Upande wa magharibi iko Burundi, na kaskazini iko Rwanda. Mto Ruvubu hutoka Burundi ukapita katika wilaya hii, ukaungana na mto Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Na maji hayo huzunguka mbali hata yakaingia katika ziwa Viktoria, ndipo yaende Misri. Basi katika nchi yenye mito namna hii, nani angedhani kwamba mtu aweza kutaabika kwa ajili ya maji?

Siku ya kwanza tulichelewa kuondoka. Majirani walikuja kutuaga, chai ikanywewa, maneno yakawa mengi, hata jua likapanda. Kila mmoja alichukua chupa moja ndogo ya nusu lita, kwani tulisema, "Maji ni mzigo, na mbele viko vijiji." Tukashuka na kupanda, tukashuka na kupanda. Kwenye mteremko upepo ulitupoza tukafurahi kama watoto. Kwenye mlima tulishuka chini tukasukuma. Kabla ya adhuhuri chupa zote zilikuwa tupu, wala hapana aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba ana kiu. Kiburi cha msafiri ni kitu cha ajabu. Humnyima mtu maji hata apitapo mlangoni pa watu wema.

Wakati wa kiangazi hewa ya huku ni kavu, na upepo hulikausha jasho kabla hujaliona. Kwa hiyo tulidhani hatutoki jasho. Lakini tulipopumzika chini ya mti, kijana alituonyesha mistari myeupe migongoni mwa mashati yetu, kama ramani iliyochorwa kwa chokaa. Akaramba mkono wake akacheka, akasema, "Wazee wangu, ni chumvi." Nasi tukacheka, tusifikiri zaidi.

Tulifika Rusumo alasiri. Hapo mto Kagera huanguka kwa kishindo chini ya daraja linalounganisha Tanzania na Rwanda, na malori yatokayo Dar es Salaam husimama safu ndefu yakingoja kuvuka. Karibu na maporomoko umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinaumiliki kwa pamoja. Tulisimama tukayatazama maji yale mengi, mekundu kwa udongo, hayafai kunywewa. Nasi ndimi zilikuwa kavu kama ngozi ya ngoma. Tulinunua maji kidogo dukani, tukageuka kuelekea Benaco tukalale. Katika mlima wa kwanza mmoja wetu alishikwa na mkakamao wa misuli ya paja, akaanguka kando ya njia akipiga kelele. Tukamnyosha mguu, tukamsukumia baiskeli yake. Usiku, mkojo wa kila mmoja ulikuwa kidogo tena mweusi kama chai ya rangi. Huo ndio mwili unaodai deni lake.

Mama mwenyeji wetu pale Benaco alitupa uji, na ndani yake alikuwa ametia chumvi. Hatujapata kuona uji mtamu kama ule. Baada ya kula alituhadithia habari za mwaka 1994, wakati yeye alipokuwa msichana. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka ule, katika muda wa kama siku moja, watu karibu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakiyakimbia mauaji ya Rwanda, na mahali pale palipokuwa na watu wachache pakawa kambi kubwa kama mji. Alisema, "Maji yalikuwa taabu, na watoto walihara. Tuliona wauguzi wakichanganya unga wa chumvi na sukari katika maji, wakawanywesha kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, usiku kucha. Mtoto aliyeletwa amelegea kama kitambaa, asubuhi alilia. Na kilio kile mama yake alikishukuru." Kambi ilifungwa mwaka 1996, na sasa lori hupita hapo bila dereva kujua ni nchi gani anayoikanyaga. Tulisikiliza habari hizo kwa huzuni, lakini hatukuziunganisha na safari yetu. Ndiyo makosa yetu.

Siku ya pili tuliazimu kutokosa maji tena. Asubuhi, kwa mchezo tu, tulipanda juu ya mizani ya mnunuzi wa mazao aliyekuwa jirani, kila mmoja akajua uzito wake. Kisha kijana akafunga dumu la lita 20 juu ya keria, nasi tukatunga sheria: kila nusu saa tusimame, kila mtu anywe kikombe cha nusu lita, kiu iwepo isiwepo. Chakula chetu kilikuwa ndizi mbivu, kwani sote tumelelewa na migomba, na tulikuwa tumesikia kwamba ndizi ina chumvi zote za mwili. Saa kumi na mbili alfajiri tukaondoka.

Njia ya Rusumo hata Lusahunga ni kilometa 92, na kati yake kuna pori refu. Upande wa kaskazini ni nchi ya wanyama, ambayo mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la kilometa za mraba 4,707. Mbung'o wako, nao humfuata mwendesha baiskeli kwa uaminifu kuliko mbwa. Zamani watu waliiogopa njia hii kwa ajili ya wanyang'anyi, hata mabasi yakasindikizwa na askari. Siku ile ilikuwa tulivu, miti imetulia, ndege wanalia, na kivuli cha asubuhi kilitufaa.

Mwenzetu mmoja, ambaye tutamwita Mwalimu tu, ni mtu mtiifu mno. Sheria ikiisha kutungwa, yeye huishika. Sisi wengine, jua lilipopanda kidogo na matumbo yakajaa, tulianza kuruka vikombe. Kijana naye alinunua mahindi ya kuchoma pale Nyakahura, akayapaka chumvi na ndimu akala. Mwalimu hakuruka hata kimoja. Tena alikuwa wa polepole kati yetu, hakutoka jasho jingi, na kwa kuwa tumbo lilijaa maji, hakula ila ndizi mbili. Kila kikombe tulimsifu. Tukasema, "Huyu ndiye msafiri."

Tulipoipita Nyakahura alinyamaza. Kisha akasema kichwa kinamwuma. Tukamwambia, "Ni jua, Mwalimu. Kunywa." Akanywa. Baada ya kitambo akatapika maji matupu. Tukamwambia, "Umepoteza maji, kunywa mengine." Akanywa. Vidole vyake vikawa vinene, na pete yake ya ndoa ikazama katika nyama. Hata kama saa tisa alituuliza kama tumekwisha kufika Rusumo, nasi Rusumo tuliiacha jana. Hapo ndipo hofu ilipotuingia. Tukamlaza kando ya njia, tukamfunika kichwa kwa kanga yenye maji, na mmoja wetu akamshikia kikombe mdomoni. Gari dogo la mizigo likatuonea huruma, likatuchukua sote na baiskeli zetu hata kituo cha tiba kilichokuwa mbele.

Muuguzi wa pale alikuwa binti wa umri wa kijana wetu. Alituamkia, "Shikamooni walimu," tukaitika marahaba, na papo hapo tukamwambia, "Mwanetu, mtundikie maji ya mshipa, jua limemkausha." Yeye hakujibu. Alimtazama macho, akaibonyeza mikono yake, akauliza maswali matatu: amekunywa kiasi gani, amekula nini, na amekojoa mara ngapi. Tukahesabu: tangu saa kumi na mbili hata saa tisa, kila nusu saa nusu lita, ni vikombe 18, ni lita 9. Amekula ndizi mbili. Amekojoa mara mbili, tena kidogo.

Akampandisha juu ya mizani. Ilisoma kilo 66. Kijana wetu akashtuka, akasema, "Asubuhi alikuwa 64." Muuguzi akadhani mizani ya mazao imekosa, akampandisha na kijana mwenyewe, naye alikuwa amepungua kilo moja tangu asubuhi. Ndipo binti yule alipokiondoa kikombe mkononi mwetu, kwa heshima lakini kwa nguvu, akasema, "Wazee wangu, mtu aendeshaye baiskeli tangu alfajiri hazidi uzito. Huyu hakukauka. Huyu maji yamemzidi, na chumvi ya damu yake imechujuka. Msimpe tena hata tone."

Hatuwezi kueleza jinsi neno lile lilivyotuchoma. Maji tuliyompa ndiyo yaliyomwangusha, nasi tuliyamimina kwa upendo. Muuguzi alimpigia simu daktari wa hospitali ya wilaya, gari likapatikana, na kijana akapanda pamoja na mgonjwa. Hapakuwa na nafasi zaidi. Sisi wawili tulibaki na baiskeli nne na usiku mzima mbele yetu.

Usiku ule muuguzi, alipomaliza kazi yake, alitufundisha. Na baadaye tumesoma zaidi ili tuyaandike haya kwa uhakika.

Jasho si maji matupu. Katika lita moja ya jasho hutoka, kwa kadiri, gramu moja ya sodiamu, ambayo ni kama nusu kijiko cha chai cha chumvi ya mezani. Wengine hutoa pungufu, wengine hutoa zaidi. Yule ambaye shati lake hubaki na mistari myeupe ni wa hao wanaozidi. Mwendesha baiskeli katika joto aweza kutoka nusu lita ya jasho kwa saa, au lita moja, na akijikaza sana hata zaidi. Akikosa kuyarudisha maji hayo, damu hupungua, moyo hupiga haraka, mwili hushindwa kujipoza, na nguvu huisha. Hayo ndiyo yaliyotupata siku ya kwanza. Ama ule mkakamao wa misuli, hauletwi na upungufu wa chumvi peke yake. Uchovu wa misuli nao una sehemu yake kubwa.

Lakini mtu akirudisha maji bila chumvi, tena kwa wingi kuliko alivyopoteza, huingia katika hatari ya pili. Damu ya mtu mzima huwa na sodiamu kati ya milimoli 135 na 145 katika kila lita. Maji mengi huipunguza. Na katika kazi ndefu ya mwili, figo huamriwa kuyazuia maji, kwa hiyo hayatoki upesi kwa mkojo. Maji hufuata chumvi. Yakiona damu ina chumvi kidogo kuliko nyama za mwili, huiacha damu na kuingia ndani ya nyama, zikavimba. Kidole kikivimba, pete hubana. Ubongo ukivimba hauna mahali pa kwenda, kwani fuvu halitanuki. Ndipo huja kuumwa kichwa, kutapika, kupotewa na maneno, degedege, na kifo.

Wala jambo hili si la watu wa pori tu. Mwaka 2002, katika mbio ndefu za mji wa Boston huko Marekani, waganga walipima damu ya wakimbiaji 488 walipofika mwisho. Wakaona 62 kati yao wana upungufu wa chumvi katika damu. Na walioongezeka uzito njiani ndio hasa waliokutwa nao. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameambiwa, kama sisi tulivyoambiana, kwamba wanywe kabla ya kuona kiu, wanywe kadiri wawezavyo. Sasa wenye elimu hiyo hushauri mtu anywe kwa kuifuata kiu yake.

Na ndizi je? Hapa twasikitika kuisema vibaya rafiki yetu. Ndizi moja ya kadiri ina potasiamu kama miligramu 400, nayo ina sukari iletayo nguvu. Ni chakula chema cha njiani. Lakini sodiamu iliyomo karibu si kitu, na jasho huchukua sodiamu nyingi kuliko potasiamu. Basi mtu atokaye jasho siku nzima akala ndizi na maji tu, hulipa deni asilodaiwa na kuliacha analodaiwa. Mahindi ya kijana, yaliyopakwa chumvi na ndimu, yalikuwa na hekima kuliko sheria yetu.

Tena muuguzi alituambia kwamba sukari nayo ina kazi yake. Ukuta wa utumbo una milango midogo ipitishayo sukari na sodiamu kwa pamoja, na maji huyafuata. Jambo hilo lilipojulikana, mwaka 1968 waganga waliokuwa wakifanya kazi Dhaka walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu aweza kurudishiwa maji kwa kinywa, si kwa mshipa tu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis alikuwa katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India. Maji ya mshipa yalipomwishia, aliwanywesha wagonjwa maji yenye sukari na chumvi yaliyotekwa katika mapipa kwa vikombe. Na vifo vilivyokuwa kama 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka vikawa chini ya 4. Ndiyo dawa ile ile aliyoiona mama mwenyeji wetu Benaco. Hapo tulinyamaza, maana tulikuwa tumelala mahali palipofundishwa somo hili, tukaondoka asubuhi bila kulichukua.

Siku ya tatu tuliondoka kungali giza, sisi wawili, baiskeli za wenzetu tukiziacha amana kituoni. Katika kila chupa ya lita moja ya maji yaliyochemshwa tulitia vijiko sita vya chai vya sukari, robo kijiko cha chumvi, na maji ya ndimu kidogo. Tulichukua mayai ya kuchemsha na chumvi ndani ya karatasi, na viazi vitamu. Tulikunywa tulipoona kiu, tusipoiona hatukunywa. Tukaipita Lusahunga, mahali njia zinapogawanyika na malori yanapolala, tukageuka kuelekea Biharamulo. Nchi ya huko ni ya miinuko mipole, na misitu, na mashamba ya mihogo na mahindi. Miguu ilikuwa na nguvu kuliko siku zote mbili, lakini hatukuifurahia. Kila gari lililotoka mbele yetu tulilitazama, tukihofu kwamba linaleta habari.

Biharamulo ni mji wa kale. Lipo boma la Wajerumani, jeupe, lenye kuta nene, limesimama juu ya kilima tangu zamani za utawala wao. Wasafiri hupenda kulitazama. Sisi tulilipita bila kugeuza shingo, tukaenda moja kwa moja hospitali.

Mwalimu alikuwa ameketi kitandani. Usiku walikuwa wamemtia katika mshipa maji ya chumvi nzito, kidogo kidogo, kwa kipimo, na kumkataza maji matupu. Na kabla ya mapambazuko alikojoa mara nyingi, na akili ikamrudia. Pete yake ilikuwa imevuliwa kwa sabuni, nayo ilikuwa juu ya meza ndogo. Mkononi alikuwa na kikombe cha uji wa chumvi. Alipotuona alikiinua juu, akauliza, "Je, nusu saa imefika?" Tulicheka, kisha hatukucheka, kisha tukamwomba radhi. Akasema, "Mimi nilikunywa, nanyi mlinipa kile mlichokuwa nacho." Jioni mwalimu wetu mzee aliletwa kwa pikipiki kutuona sote wanne hospitalini, badala ya sisi kumwona yeye nyumbani kwake.

Sasa, wapenzi wasomaji, twawawekea mambo machache yaliyo wazi, ili mwayakate na kuyabandika ukutani.

Kwa msafiri wa baiskeli: ondoka alfajiri, upumzike jua la utosini. Kwa safari isiyozidi saa moja, maji matupu yatosha. Kwa safari ya saa nyingi, chukua maji yenye sukari na robo kijiko cha chumvi katika lita, ama kula vyakula vyenye chumvi pamoja na maji yako. Fuata kiu, kwa watu wengi kama nusu lita kwa saa yatosha, zaidi kidogo jua likiwa kali. Ukiweza, jipime uzito kabla na baada: ukipungua kilo moja, umepoteza kama lita moja, ukiongezeka, umekunywa kupita kiasi, acha. Mkojo kidogo na mweusi ni dalili ya kukauka. Kichwa kikiuma, na mtu akitapika, na vidole vikivimba, na amekuwa akinywa sana, usimwongezee maji. Na maneno yakianza kumpotea, mpeleke kwa mganga mara moja.

Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au shinikizo la damu asijiongezee chumvi bila kumwuliza mganga wake. Na siku zisizo na safari wala jasho jingi, chumvi ya mboga yatosha kila mtu.

Kwa mama mwenye mtoto anayehara: usingoje. Tafuta pakiti ya ORS katika zahanati au duka la dawa, uichanganye na maji safi kadiri ilivyoandikwa juu yake, si pungufu wala zaidi. Katika pakiti ya lita moja mna sukari ya glukosi gramu 13.5, chumvi ya kawaida gramu 2.6, chumvi ya potasiamu gramu 1.5, na sitrati gramu 2.9; ndicho kipimo kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwaka 2002. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Onja kwanza; isizidi chumvi ya machozi, kwani chumvi nyingi humdhuru mtoto. Mpe kwa kijiko, polepole, na akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Anyonyaye aendelee kunyonya, alaye aendelee kula. Zahanati watampa na vidonge vya zinki vya siku 10 hata 14. Akilegea, macho yakizama, akishindwa kunywa, au kinyesi kikiwa na damu, usikae nyumbani.

Nanyi waalimu, somo hili laweza kufundishwa kwa chupa moja, kijiko kimoja na dakika kumi. Mwacheni kila mtoto achanganye kwa mkono wake mwenyewe na kuonja, maana mtoto wa darasa la nne ndiye mara nyingi anayebaki nyumbani na mdogo wake mama akiwa shambani.

Sisi tulirudi Ngara kwa basi, baiskeli nne zimefungwa juu. Mwalimu amekwisha kupona na yuko kazini. Juu ya usukani wa baiskeli yake hutaona kengele. Pana kikopo kidogo cha chumvi kilichofungwa kwa uzi, na watoto wa shule humwita kwa jina la kikopo hicho. Yeye huitika.